Hedhi ya mwisho ilikuwa lini? Kisa cha fundi cherehani wa Tanga

Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi imepamba moto mjini Tanga, mumewe na dada yake walipomleta kliniki mama wa miaka 48, fundi cherehani. Amejifunga khanga iliyolowa juu ya dira, shingo inatiririka jasho, anajipepea kwa jalada la daftari. Mume ndiye aliyetangulia kusema: "Nesi, mambo yamerudi. Usiku anavua nguo, anatoka uani, anajimwagia ndoo nzima ya maji. Majirani wameshaanza kuchungulia." Dada mtu akasogea karibu na meza, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba na wale wanaomsema nao wamerudi.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nakiandika kisa hiki kwa idhini ya mwenyewe na ya dada yake, na nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike mtaani. Faili lake lina miaka 22. Ndani yake kuna majina ya dawa, vipimo vya presha, uzito, tarehe za kulazwa, hata ugomvi wa ukoo kuhusu shamba la minazi umeandikwa. Tarehe ya hedhi yake ya mwisho haikuandikwa popote, na kwa miaka sita iliyopita aliyekuwa akizijaza kurasa hizo ni mimi.

Alivyougua mara ya kwanza

Aliugua akiwa na miaka 26, siku ya nane baada ya kumzaa mtoto wake wa pili. Dada yake anasimulia kwamba ilianza kwa kukosa usingizi. Mzazi yuko ndani ya arobaini, lakini usiku anafagia uwanja, anaimba, anafua nguo za mtoto ambazo hazijachafuka. Siku ya tatu ya hali hiyo akakataa kumnyonyesha mtoto, akisema si wake, amebadilishwa. Walimsomea, akanyweshwa kombe, akapelekwa kwa mganga Pangani, mwishowe hospitali. Wiki ya tatu daktari akaandika "skizofrenia", ugonjwa wa akili unaoleta sauti na imani zisizo za kweli, na neno hilo likanakiliwa karatasi baada ya karatasi bila mtu kulihoji.

Kwa miaka kumi na mbili alichomwa sindano ya fluphenazine kila mwezi. Ilimtuliza, ila ilimkaza shingo na kumtetemesha mikono, na fundi asiyeweza kutunga uzi hana kazi tena. Hedhi nayo ikavurugika, mwezi huu inakuja, miezi mitatu haionekani. Jambo hilo ndilo lililokuja kutupotosha baadaye. Dawa kama fluphenazine na haloperidol hupandisha prolaktini, homoni ile ile inayoleta maziwa ya mama. Prolaktini ikipanda, ubongo hupunguza amri unazozipelekea ovari. Hedhi hupungua au hukatika, na estrojeni, homoni kuu ya kike, hushuka. Mtaani husemwa tu kwamba "sindano inakata damu", na kwa kuwa sindano ya uzazi wa mpango nayo hufanya hivyo, wanawake wengi hawashtuki.

Akiwa na miaka 39 alihamishiwa vidonge vya olanzapine, miligramu 10 kila usiku. Mikono ikatulia, akarudi kwenye cherehani yake, hedhi ikarudi kwenye mpangilio. Miaka tisa hakulazwa hata mara moja. Hedhi ilipoanza kuruka tena alipofika 47, akajua ni dawa tu, kama zamani. Hakumwambia mtu.

Kosa la mwezi wa kumi na moja

Miezi mitatu kabla ya siku ile alikuwa amepelekwa usiku kwenye kituo kingine cha afya, hajalala siku nne. Kwenye karatasi aliyorudi nayo paliandikwa maneno mawili: "Ameacha dawa." Akaongezewa haloperidol.

Hakuwa ameacha. Dada yake humhesabia vidonge kila Ijumaa, miaka yote hiyo, na hesabu ilikuwa sawasawa. Lakini mgonjwa wa akili akirudiwa, wengi wetu wenye makoti meupe tunakimbilia kwanza kudhani kwamba hamezi dawa na anatuficha. Jambo hili linaniuma kila nikilisoma. Mama aliyemeza kidonge kila usiku kwa miaka tisa, tena akijua kinamnenepesha, aliandikiwa uongo ambao hakuusema. Haloperidol ikamkaza upya, akaacha kushona, mchana akawa analala, usiku macho makavu, na nyumbani wakaamini ugonjwa umezidi.

Tulianza na yale ambayo kila mgonjwa wa umri huo anapaswa kupimwa. Malaria hapana, VVU hapana, kaswende hapana, mkojo safi, mimba hakuna, tezi ya shingo inafanya kazi vizuri. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 6.3, ya kuangaliwa. Presha ilikuwa 150 kwa 95. Hakuvuta sigara, hakunywa pombe. Hakufiwa. Nilikuwa karibu kuandika kwamba ugonjwa umerudi bila sababu inayojulikana, aliponiambia mwenyewe:

"Naungua, nesi. Inaanzia hapa," akajishika kifua, "inapanda mpaka utosini, halafu nalowa, halafu nasikia baridi."

Mgonjwa mwenye faili kama lake akisema anaungua, kalamu hukimbilia kuandika hisia zisizo za kweli. Safari hii nikauliza inakuja mara ngapi. Mara sita, saba kwa usiku, akajibu, kila moja dakika chache. Ndipo nikamuuliza mara ya mwisho kuingia mwezini ilikuwa lini. Akamtazama mumewe, akanyamaza. Nikamwomba baba atupishe kidogo.

"Ramadhani iliyopita nilifunga siku zote," akasema mlango ulipofungwa. "Sina deni hata siku moja. Tangu niache sindano haijanitokea. Baada ya hapo nimeziona mara mbili tu, mwisho mwezi wa nane." Kisha akaanza kulia. Hakumwambia mumewe, kwa sababu aliogopa akijua amekoma hedhi ataoa mke mwingine.

Kutenganisha joto na saikosisi

Hii ndiyo sehemu iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo ninayotamani wenzangu waisome polepole. Tulikaa, yeye, dada yake na mimi, tukapitia kila jambo ambalo mumewe aliliita dalili ya kichaa.

Kuvua dira usiku ni joto. Anayetiririka jasho ndani ya chandarua, madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi, huvua nguo. Kutoka uani ni joto hilo hilo, uani kuna upepo wa bahari. Kujimwagia maji pia. Mambo hayo matatu, yaliyomtia mumewe aibu na kuwavuta majirani dirishani, ni dalili za kawaida za mwili unaokaribia kukoma hedhi. Angekuwa mwanamke asiye na faili la akili, shoga zake wangemcheka kidogo na kumpa feni.

Sauti zilikuwa jambo lingine, hizo ndizo saikosisi, hali ya akili kuachana na uhalisia. Alisikia wanawake wawili wakizungumza chini ya cherehani kila akikanyaga pedali, na akiacha wananyamaza. Walimsimulia kwamba mumewe ameshaoa Muheza, na kwamba mke huyo mpya anatia unga kwenye pipa la maji ili aungue. Hakuna aliyeoa. Dada yake alifika Muheza kuhakikisha, na mume mwenyewe alishangaa kusikia.

Tazama yalivyoshikana. Joto lilikuwa la kweli, hofu ya mume kuoa mke wa pili ilikuwa ya kweli pia, kwa kuwa ameona yakiwakuta wenzake. Akili iliyokuwa imeanza kuyumba ilichukua vitu hivyo viwili ikatafuta kinachoviunganisha, ikapata unga kwenye pipa. Kama tungemwambia haungui, tungekuwa tunamdanganya, na angekuwa na haki ya kutotuamini kwa lolote lingine. Tulimwambia kwamba kuungua ni kweli, kuna jina lake, wanawake wengi wa umri wake wanaungua hivyo, na hauhitajiki unga wa mtu. Alinyamaza muda mrefu, akauliza: "Kwa hiyo na wewe utaungua?" Nikamjibu ndiyo, Mungu akinipa umri.

Kwa nini miaka hii

Wanawake na wanaume hawaugui skizofrenia kwa ratiba moja. Heinz Häfner na wenzake wa Mannheim, Ujerumani, waliofuatilia watu walioanza kuugua kwa mara ya kwanza, walikuta wanawake kwa wastani huanza miaka mitatu hadi minne baada ya wanaume, na kwamba wanawake wana kilele cha pili, kidogo, kuelekea umri wa kukoma hedhi. Wanaume hawana kilele hicho. Walipowachunguza panya wa maabara waliona estrojeni inapunguza wepesi wa vipokezi vya dopamini, kemikali ya ubongo, vile vile ambavyo dawa za saikosisi huviziba. Kutokana na hapo likazaliwa wazo kwamba estrojeni ni kama kinga ya asili, dawa ndogo ya kila siku ambayo mwili wa mwanamke hujitengenezea mpaka siku inapoanza kupungua.

Kwa mama huyu kulikuwa na mlango wa pili, na huo hauzungumzwi vya kutosha huku kwetu. Olanzapine huvunjwavunjwa na ini kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho CYP1A2. Estrojeni hukifanya kimeng'enya hicho kiende taratibu. Estrojeni ikishuka, kimeng'enya huchangamka, na kidonge kile kile cha miligramu 10 huacha dawa kidogo zaidi kwenye damu. Clozapine, dawa nyingine ya saikosisi, nayo hupita njia hiyo. Kwa hiyo anaweza kumeza dawa bila kukosa hata siku moja na bado akawa kama mtu aliyepunguziwa dozi. Nikikumbuka lile "ameacha dawa" la mwezi wa kumi na moja, nadhani mwandishi wake aliona matokeo ya kweli akayapa sababu isiyo ya kweli.

Mlango wa tatu ni usingizi. Mtu anayeamshwa na jasho mara sita kila usiku kwa miezi halali hata akilala, na kwa mwenye historia yake, usiku nne bila usingizi zinatosha kufungua kila kitu.

Finland, ambako rekodi za wagonjwa wa nchi nzima zimeunganishwa, watafiti walifuatilia watu zaidi ya 60,000 wenye skizofrenia na magonjwa ya jamii yake. Wanawake waliovuka miaka 45 walilazwa kwa saikosisi mara nyingi zaidi kuliko walio chini ya umri huo, hata wakiwa kwenye dawa. Nilipoisoma habari hiyo nilienda kwenye kabati la mafaili yetu. Niliwatoa wanawake wote wa kati ya miaka 44 na 55 na kuanza kuwapigia simu mmoja mmoja.

Tulichofanya

Haloperidol tuliisimamisha. Daktari alipandisha olanzapine kutoka 10 hadi 15, imezwe saa mbili usiku, pamoja na makubaliano ya kupima sukari na uzito kila mwezi kwa sababu dawa hii hupandisha vyote viwili. Kipimo cha FSH, homoni ya ubongo inayoamsha ovari, hatukukitegemea. Katika kipindi hiki homoni hupanda na kushuka wiki hadi wiki, na mwanamke aliyevuka 45 mwenye hedhi inayoruka na joto la namna hiyo hahitaji karatasi ya maabara ili aaminiwe.

Nyumbani, kitanda kilihamishwa kwenye chumba chenye dirisha la uani na mume akaweka nondo. Hilo la nondo lilisaidia kuliko nilivyotarajia. Mume mwenyewe tulimwita siku nyingine, mkewe akiwepo na kwa ruhusa yake, tukamweleza kukoma hedhi ni nini. Alisikiliza akiinamisha kichwa, kisha akasema mama yake naye alikuwa akilala barazani, na wao watoto waliambiwa ana shetani.

Kuhusu tiba ya homoni, tulimpeleka kwa daktari wa wanawake. Ushahidi upo na unazidi kukua. Jayashri Kulkarni na wenzake wa Melbourne, Australia, mwaka 2008 waliwapa wanawake 102 wenye skizofrenia bandiko la estradiol, aina ya estrojeni, la maikrogramu 100 juu ya dawa zao, au bandiko lisilo na dawa, kwa siku 28. Waliopata homoni walipungukiwa zaidi na dalili. Huko Moldova, katika utafiti wa wanawake 200 uliotolewa mwaka 2019, nafuu ilionekana hasa kwa waliovuka miaka 38. Na Finland tena, kati ya wanawake 3,488 wa miaka 40 hadi 62 waliowahi kutumia tiba ya homoni za kukoma hedhi, hatari ya kurudiwa na saikosisi ilikuwa chini kwa asilimia 16 wakati wanaitumia, ingawa kwa waliovuka 55 nafuu hiyo haikuonekana.

Daktari wa wanawake alimweleza vizuri. Kwa kuwa ana kizazi, estrojeni haiwezi kutolewa peke yake, inahitaji projestojeni pamoja nayo ili kulinda ukuta wa kizazi dhidi ya saratani. Kuna hatari ya damu kuganda, ndogo zaidi kwa bandiko kuliko kwa kidonge, na suala la saratani ya matiti. Presha yake ilipaswa kushuka kwanza. Na bandiko lenyewe halikuwepo kwenye maduka ya dawa tuliyopiga simu, lilipaswa kuagizwa kwa bei ambayo fundi wa mitaani hawezi kuilipa kila mwezi. Alisema atangoja. Sikumshinikiza, lakini sikubaliani na hali inayofanya chaguo hilo liwe la wenye fedha tu.

Wiki ya tatu sauti zilipungua. Wiki ya saba alisema wale wanawake bado wapo, ila wanazungumza mambo yao wenyewe. Mwezi wa tano alinishonea mfuko wa kanga wa kuwekea kadi za kliniki.

Lile neno la kwanza

Nilipolipitia faili kuanzia ukurasa wa kwanza niliona kitu kinachonisumbua mpaka leo. Mara ya kwanza aliugua siku chache baada ya kujifungua, wakati estrojeni inaporomoka ghafla. Dada yake anakumbuka kwamba hata miaka ya vidonge, siku mbili tatu kabla ya kuingia mwezini "alikuwa hashikiki", na huo pia ni wakati wa kushuka kwa homoni. Sasa ni kukoma hedhi. Na kila mara dalili ya kwanza si sauti, ni kutolala, kuimba, kushona mpaka alfajiri.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walitoa matokeo ya wanawake 128,294 wa Uingereza. Waliangalia magonjwa ya akili yaliyoanza kwa mara ya kwanza katika miaka inayozunguka hedhi ya mwisho, wakilinganisha na miaka ya kabla yake. Sonona iliongezeka kwa asilimia 30. Wazimu wa kuchangamka kupita kiasi, ule wa ugonjwa wa baipola, uliongezeka zaidi ya mara mbili. Skizofrenia haikuonyesha ongezeko.

Matokeo hayo hayapingani moja kwa moja na ya Finland, ingawa hayalingani na kile kilele cha pili cha Mannheim. Utafiti wa Finland ulihusu kurudiwa kwa watu ambao tayari wanaumwa, huu ulihusu wanaoanza. Lakini yamenifanya nijiulize kama mama huyu aliwahi kuwa na skizofrenia hata siku moja. Saikosisi inayoanza siku za mwanzo baada ya kujifungua huwapata mama mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000, na mara nyingi ina undugu na baipola kuliko na skizofrenia. Kama ndivyo, kwa miaka 22 alistahili dawa ya kuimarisha hisia, na pengine ile miaka kumi na mbili ya mikono kutetemeka haikuwa lazima. Nimeliandika hilo kwa daktari wetu, ukurasa mzima. Ameanza kulipitia upya, kwa tahadhari, maana kumbadilishia dawa mtu aliyetulia nako kuna hatari zake.

Mwezi wa nane alikuja peke yake, bila mume, bila dada, siku isiyo ya kliniki. Alikuwa na daftari la watoto wa shule, amelichora mistari kwa rula: tarehe, joto mara ngapi, amelala saa ngapi, damu. Baada ya mwaka mzima kasoro siku chache, hedhi ilikuwa imerudi siku tatu, na wiki moja kabla yake alilala saa mbili mbili tu. Hakuwa ametishika. Alitaka kujua kama ahesabu upya kuanzia leo ile miezi kumi na miwili bila damu, ambayo ndiyo alama ya kukoma hedhi, nikamwambia ndiyo, tunaanza upya.

Akiwa anafunga daftari akataja binti yake wa pili, yule ambaye alikataa kumnyonyesha, akidhani amebadilishwa. Sasa ana miaka 22, ameolewa Korogwe, ana mimba ya kwanza ya miezi saba. Nikamuuliza kama wakunga wa kliniki ya binti wanajua mama yake aliugua nini baada ya kujifungua. Hawajui, binti mwenyewe hajawahi kuambiwa. Tulikaa tena robo saa tukipanga nani amwambie na kwa maneno gani, kisha nikaandika barua fupi kwa wakunga, akaikunja mara nne na kuitia kwenye mfuko wa kanga, pacha wa ule alionishonea.